Mwenye Simu Asingoje Kompyuta

Iko rai iliyoenea kwamba takwimu ni kazi ya kompyuta ya mezani, na kwamba simu ya mkononi ni chombo cha soga na picha. Rai hiyo yapendeza masikioni, lakini si kweli. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Kijana mwenye simu ya Android, naye akakaa kungoja kompyuta ndipo ajifunze takwimu, ameliacha jembe lake lile kutu.

Na tuitazame simu yenyewe. Kiini cha mfumo wa Android ni Linux, ambayo Linus Torvalds wa Finland alianza kuiandika mwaka 1991. Kiini hicho ndicho kinachoendesha kompyuta nyingi za vyuo vikuu. Kisha tuitazame R, programu ya takwimu iliyoanzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand. Toleo lake la 1.0.0 lilitoka mwaka 2000. R haiuzwi; kila mtu hupewa, pamoja na ruhusa ya kuisoma, kuibadili na kumgawia jirani.

Wapinzani husema kuwa programu ya kompyuta ya Linux haikai katika simu. Hapo wana sehemu ya ukweli. Undugu wa kiini hautoshi, maana prosesa za simu ni za aina nyingine, na maktaba za Android zinazosaidia programu si zile za kompyuta. Lakini dawa imekwisha patikana. Termux humpa mtu dirisha la kuandikia amri. Ndani yake huwekwa Debian, mfumo wa Linux uliokwisha tengenezwa kwa prosesa za namna hiyo. Na ndani ya Debian huwekwa R. Hapana kufuli ya simu inayovunjwa, wala shilingi inayolipwa ila gharama ya intaneti.

Husema tena kwamba simu ni dhaifu. Dhaifu kwa kazi gani? R huweka namba moja katika baiti 8. Mvua ya kila siku iliyopimwa shuleni kwa mwaka mzima ni namba 365, yaani baiti 2,920. Hata namba milioni moja ni baiti milioni 8 tu, sehemu moja katika 250 ya kumbukumbu ya simu yenye gigabaiti 2. Auitaye huo mzigo mzito hajaupima.

Kweli, kioo ni kidogo, vidole huchoka, betri huisha, na kazi kubwa za watafiti zitakwenda polepole mno. Kwa kazi hizo kompyuta haina mshindani. Lakini R huongozwa kwa amri zilizoandikwa. Amri fupi ya mean(mvua) huleta wastani wa mvua katika kioo kidogo kama katika kikubwa, na jibu ni lile lile.

Hasara ya kungoja ni kubwa. Bei za vyakula, matokeo ya mitihani na idadi ya watu hutujia katika namba zilizohesabiwa na wengine. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 47,564,296 katika Kenya, na mipango mingi hujengwa juu ya namba kama hiyo. Asiyejua namba hupatikanaje hukubali kila aambiwalo, au hukataa kila aambiwalo. Na yote mawili ni utumwa.

Sisemi kwamba sheria ya shule ivunjwe. Simu isiyoruhusiwa bwenini ina nafasi yake nyumbani wakati wa likizo. Nasema kwamba saa moja inayotolewa kwa soga yaweza kutolewa kwa hesabu. Kompyuta ikija, na ije: amri zilizozoewa katika simu zitatumika mezani vile vile, nayo itamkuta mwenyewe amekwisha kuwa fundi.