Ukitozwa Ada ya Kuchelewa, Uliza kwa Maandishi

Katika taarifa ya kadi ya mkopo inayotumwa na benki kila mwezi, hutokea mstari mmoja mfupi: ada ya kuchelewa kulipa. Aghalabu mwenye kuuona huguna, kisha hulipa. Wengine hulipa kimyakimya wasije wakaulizwa na mabwana zao pesa za nyumba zimekwenda wapi. Juma hili yafaa tuutazame mstari huo vizuri, maana si hukumu. Ni dai la benki, na mafakihi wetu wanaijua tangu kale kanuni ya kwamba ushahidi ni juu ya mwenye kudai.

Madhara makubwa ya ada hii hayaonekani mwezi wa kwanza. Tuchukue mfano. Unadaiwa shilingi 20,000, na benki yataka ulipe angalau 2,000 kufikia tarehe 5. Malipo yakaingia tarehe 8, ukatozwa ada ya 1,000. Utaambiwa kuwa 1,000 juu ya deni la 20,000 si kitu. Lakini kilichochelewa ni 2,000, tena kwa siku tatu tu, kwa hivyo umetozwa nusu ya kile ulichochelewesha. Mwezi wa pili unapeleka 2,000 zako kama kawaida, ukidhani umetimiza wajibu. Kumbe kiwango cha chini kimepanda kwa kuwa ada imejumlishwa humo, na katika mikataba mingi ada na riba hukatwa kwanza, ndipo kinachobaki kipunguze deni. Umelipa kwa wakati, lakini umelipa pungufu, na benki yahesabu kuwa umechelewa tena. Ada ya pili yaingia. Hivyo ndivyo mtu anavyolipa miezi sita bila kukosa na deni likabaki palepale, naye nyumbani aonekane mfujaji.

Basi kabla ya kulipa, jiulize kama kweli ulichelewa. Huenda pesa zilitumwa kwa M-Pesa siku mbili kabla ya muda, lakini tarakimu moja ya nambari ya akaunti ikakosewa, zikakaa mahali zisipojulikana ni za nani. Huenda zilitumwa Ijumaa jioni na benki ikaziandika Jumatatu. Familia zenye mtu Saudia zina tatizo la peke yao: huko mapumziko ya wiki ni Ijumaa na Jumamosi, na huku benki zafungwa Jumapili. Pesa za benki kwa benki zilizotumwa kutoka Jidda Alhamisi usiku haziwezi kutarajiwa huku kabla ya Jumatatu. Bwana atakuapia kuwa alituma mapema, na atakuwa mkweli, na benki nayo itakuonyesha tarehe ya Jumatatu.

Ndiyo maana ushahidi ni tarehe na saa. Ujumbe wa M-Pesa una nambari ya muamala, siku na saa, usiufute. Kama umekwisha kufutika, taarifa ya M-Pesa ya miezi iliyopita yapatikana kwa kuiomba. Iweke pamoja na taarifa ya kadi yenye ada hiyo na mkataba uliotia saini. Ikiwa mkataba umepotea, iombe benki nakala. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya kupewa habari anazohitaji ili anufaike kikamilifu na huduma anayoilipia, na mkataba wako mwenyewe ni habari ya kwanza katika hizo.

Kisha andika. Kupiga simu huduma kwa wateja si vibaya, lakini maneno ya simu hupeperuka. Barua ya mistari michache yatosha: "Katika taarifa ya mwezi fulani nimetozwa shilingi 1,000 za kuchelewa. Nililipa shilingi 2,000 tarehe 3 kwa muamala huu. Naomba mnionyeshe ni kifungu gani cha mkataba kinachoruhusu ada hii na kwa kiwango hiki, mnieleze malipo yangu yaliandikwa tarehe ngapi na kwa nini, na kama hakuna sababu, muifute ada pamoja na riba iliyotokana nayo." Maneno hayo ya mwisho yasisahaulike. Benki yaweza kuifuta ada na kuacha riba yake ikiendelea kukusanya vumbi na shilingi. Wakati unangoja jibu, endelea kulipa kile usichokipinga. Mwenye kususa deni lote kwa sababu ya ada moja hujitia kosani.

Ukipeleka barua tawini kwa mkono, nakala yako ipigwe muhuri. Ukiituma kwa barua pepe, ihifadhi. Jibu lisipokuja, au likija la kukuzungusha, malalamiko hupelekwa Benki Kuu ya Kenya, ambayo imeziwekea benki mwongozo wa kumlinda mteja. Nayo itataka kuona kuwa ulianza na benki yako.

Tena uangalie kama kiwango cha ada kimepanda tangu ulipotia saini. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Benki kinaikataza benki kuongeza viwango vya ada zake bila idhini ya Waziri wa Fedha. Kifungu kinachofuata, 44A, kinamhusu yule ambaye deni lake limekwisha kuharibika kabisa: riba inayodaiwa baada ya hapo haiwezi kuzidi deni la asili lililokuwepo siku lilipoharibika. Kama lilikuwa 20,000, riba isipite 20,000 nyingine. Ni faraja ndogo, lakini wako waliotishwa kwa hesabu kubwa kuliko hiyo wakauza dhahabu zao.

Kitisho kinachotumiwa zaidi ni jina kupelekwa kwenye zile taasisi za kumbukumbu za mikopo ambazo wote twaziita CRB. Benki yapaswa kukupa notisi ya siku 30 kabla ya kupeleka habari mbaya juu yako, na wewe una haki ya kupata ripoti yako bure mara moja kwa mwaka na kupinga kilichoandikwa kwa makosa. Usingoje mpaka siku ya kuombea mkopo wa duka ndipo ulikute jina lako huko.

Dada anayetumia kadi ya nyongeza iliyotolewa juu ya akaunti ya mumewe ajue kwamba benki haitamsikiliza peke yake. Mdaiwa mbele ya benki ni mume, hivyo barua iandikwe na yeye, au ampe mkewe idhini ya maandishi. Afadhali idhini hiyo itolewe kabla ya bwana kusafiri.

Lipo pia la dini, na si dogo. Nyongeza juu ya deni kwa sababu ya kuchelewa ndiyo sura ya riba iliyozoeleka zama za Jahiliya. Baraza la Kimataifa la Fiqhi, lililokutana Riyadh mwaka 2000, liliamua kuwa kadi yenye sharti la nyongeza ya riba haijuzu, hata kwa mwenye nia ya kulipa ndani ya muda. Kenya imekuwa na benki zinazofuata sharia kikamilifu tangu 2008. Katika utaratibu wa benki za namna hii, pesa anazotozwa mchelewaji hazifai kuwa faida ya benki. Huelekezwa katika sadaka. Hata huko uliza: ada yangu inakwenda wapi, na mkataba wasemaje?

Anayeamua kuachana na kadi asidhani kuikata kwa mkasi kumemaliza kazi. Akaunti hubaki wazi, ada ya mwaka huingia, haina wa kuilipa, na ada ya kuchelewa huifuata. Lipa salio, omba kwa maandishi akaunti ifungwe, na usiondoke bila barua ya benki inayosema hudaiwi kitu.