AKIBA HAIOZI: TUCHUKUE PICHA ZA SIDI ZETU



Nataka kusema juu ya jambo lililotokea katika chumba chetu cha ordinateri. Wengi mnalijua. Sidi ya mafundisho ya kemia iliharibika, nayo ndiyo sisi finalisti tuliyoitumainia kwa kujitayarisha kwa mtihani wa Serikali. Ilianza kulia krr-krr ndani ya lekteri, kisha ordinateri ikasema haioni kitu. Mtoto mmoja wa darasa la 7 ndiye aliyekuwa ameishika ile siku. Mimi, kwa kazi yangu ya ukapita, niliandika jina lake. Akaambiwa alete feza za kununua nyingine. Mama yake anauza ndagala kule Kalundu. Mtoto akakosa masomo siku nne, anatafuta zile feza.

Leo ninasema mbele ya wote: niliandika jina lisilofaa. Ile sidi ilikuwa imepita katika mikono yetu sote kwa miaka mingi. Tuliifuta kwa mashati, tuliiacha juu ya meza yenye mchanga. Mtoto yule aliikuta iko karibu kufa. Waliokosa ni sisi wakubwa, sababu dawa ilikuwako na hatukuitumia.

Dawa yenyewe ni picha ya sidi. Wengine wanaiita ISO. Jina hilo limetoka kwa shirika la Geneva linalopanga vipimo vya kazi za dunia nzima, ambalo mwaka 1988 lilitoa kanuni namba 9660 ya kupanga mafishie ndani ya sidi. Picha hiyo si fotó ya kutazama kwa macho. Ni fishie moja tu, kubwa, yenye kubeba kila kitu kilicho ndani ya sidi, pamoja na mpango wake wote. Mtu akinakili mafishie moja moja tu, mara nyingine programu inakataa kufunguka, maana inatafuta sidi yake na haiioni. Lakini ndani ya picha kila kitu kiko fasi yake, kama kitabu kilichopigwa fotokopi tangu jalada mpaka ukurasa wa mwisho, bila kuruka hata mmoja.

Namna ya kuifungua si ngumu. Kwa ordinateri yenye Windows 8, iliyotoka mwaka 2012, na zote zilizofuata, unabonyeza ile fishie kwa upande wa kuume wa panya na kuchagua neno Monter. Mara moja inatokea lekteri mpya, yenye herufi yake, D ao E, kana kwamba mtu ametia sidi. Ukimaliza unachagua Éjecter, nayo inaondoka. Kwa Windows 7 ni lazima kutia kwanza programu ndogo ya kuifanya kazi hiyo. Nilipoonyesha wadogo zangu, mmoja alipaaza sauti: « Kapita, ile ni bongo! Sidi iko wapi? » Nikamjibu: « Sidi iko mu kabati, imepumzika. Wewe soma. » Na kweli alisoma. Tena ordinateri ndogo za siku hizi, nyingi hazina tundu la sidi kabisa. Sidi bila picha itabaki kuwa kioo cha kujitazamia.

Najua kuna watakaokataa. Niwajibu kwa heshima.

Wa kwanza watasema: « Ordinateri itajaa. » Tupige hesabu. Sidi moja hubeba MB 700 hivi. Kabati letu lina sidi 38. Hata zikiwa zimejaa zote, ni kama GB 27. Zinaingia katika flashi moja ya GB 32. Disko ya GB 500 ingeweza kubeba sidi 700. Mafasi si tatizo.

Wa pili watasema: « Kura haipo kila siku. » Ni kweli, wote tunajua namna umeme unavyotuchezea hapa Uvira. Lakini kuchukua picha ya sidi moja ni kazi ya dakika chache, tena inafanyika mara moja tu. Kisha ile sidi haizungushwi tena kila siku, na lekteri zetu zilizochoka zitapata nafuu.

Wa tatu ndio ninaowaheshimu zaidi. Wanasema: « Kunakili ni kuiba. » Hapa tusidanganyane. Kununua programu moja na kuigawia mji mzima, hiyo ni wizi, hata kama fishie haina kilo wala harufu. Amri ya kutoiba haikusema vitu vya mkononi peke yake. Lakini kufanya akiba ya mafundisho yaliyoandikwa na walimu wetu wenyewe, huko ni kutunza. Tena kuna kazi ambazo wenyewe wanataka tuzigawe. Ubuntu ni mfano. Ilianzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina lake ni neno ambalo jirani zetu Warundi wanalo pia kinywani. Mpaka mwaka 2011 walituma sidi bure kwa posta kwa aliyeziomba. Leo unachukua ISO yake kwa intaneti, bila kulipa. Basi sheria yetu iwe hii: kilicho chetu na kilicho huru tunakili, kilicho cha mwingine tuulize kwanza.

Mambo matatu ya kuangalia. Moja: sidi za muziki wa koro haziingii katika ISO, kwani ISO hubeba mafishie tu, si nyimbo zilizopangwa kwa namna ya sidi ya kusikiliza. Hizo zinataka picha ya namna nyingine, yenye mafishie mawili, BIN na CUE. Mbili: flashi iliyotengenezwa kwa FAT32 haipokei fishie moja inayopita GB 4. DVD iliyojaa haitaingia, wala Ubuntu ya sasa inayopita GB 5. Tatu: msifungue ISO mliyopewa na mtu msiyemjua. Wahalifu wanaficha virusi ndani yake.

Sasa maombi yangu kwa wakubwa wetu.

Kwanza, siku za Posho ambapo kura ipo, mwalimu wa ordinateri pamoja na wanafunzi wawili wachukue picha za zile sidi 38. Sidi zenyewe zifungiwe, na wanafunzi wapewe picha.

Pili, kila picha iwekwe fasi mbili. Moja ofisini, nyingine mbali, upande wa mlima. Hatujasahau usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, Mulongwe ulipotoka katika njia yake. Hatujasahau ziwa lilivyoingia katika manyumba mwaka 2024. Kwetu, baba mkubwa alitoa sidi ya arusi yake ndani ya matope. Tuliiosha vizuri, lakini mchanga ulikuwa umeikwaruza, haikuonyesha kitu. Haikuwa na picha fasi nyingine. Ndivyo alivyopoteza sauti ya mama yake mzazi akibariki ile arusi.

Tatu, kuwe na daftari ya kuandika jina la kila picha, siku ilipochukuliwa, na aliyeichukua. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Na la mwisho, ambalo kwangu ni la kwanza: ninaomba yule mtoto wa darasa la 7 arudishiwe feza zake. Mimi niliyeandika jina lake nitaanza kwa kutoa franka nilizo nazo. Finalisti wenzangu, nitapita kwenu siku ya Ine na kofia mkononi. Msinifungie mlango.

Kapita wa wanafunzi, darasa la finalisti