Ngome na Mlango wa Kutokea

Vijana wetu hapa Ibanda hupenda michezo ya kompyuta. Tuutazame mmoja, uitwao 7 Days to Die. Mchezaji hujenga ngome, maana kila usiku wa saba kundi la mazombi, yaani wafu watembeao, humshambulia. Tusiudharau, una mafundisho.

Kwanza, jengo lisilo na nguzo za kutosha huanguka lenyewe. Pili, mazombi hutafuta njia iliyo nyepesi: palipo dhaifu ndipo wapitapo. Kwa hiyo mjenzi mwenye akili huwaachia njia moja kwa makusudi, akawangoja hapo.

Zamani watu walijenga hivyo kwa kweli. Mwaka 1593 Wareno walianza Fort Jesus huko Mombasa, kwa ramani ya Mwitalia Giovanni Battista Cairati. Pembe zake hutokeza nje, ili askari wa pembe moja waulinde ukuta wa jirani. Machi 1696 Waarabu wa Omani waliizingira. Desemba 1698 wakaitwaa. Kuta zilikuwa zikisimama bado, lakini waliokuwa ndani walikwisha malizwa na maradhi na njaa.

Basi, enyi vijana, kabla ya kuongeza tofali ulizeni: maji yako wapi? Chakula chatosha siku ngapi? Adui akiingia, tutatokea wapi?

Nanyi wazazi, mliotia vyuma madirishani kwa kuogopa wezi, jiulizeni swali hilo la mwisho jioni ya leo: moto ukiwaka penye mlango, watoto watatokea wapi?