Maneno na Maana Yake: Tabia na Mwenendo

Mwezi uliopita mzazi mmoja wa hapa Kyimo alifika barazani kwangu, ana karatasi ya shule ya mwanawe mkononi. Mahali paitwapo "Tabia na Mwenendo" mwalimu ameandika: tabia mbaya. Kosa lenyewe? Mtoto alichelewa siku tatu, nazo zilikuwa siku za mvua kubwa. Baba amekwisha kata fimbo. Nikamwomba aketi kwanza, tuyatazame maneno.

Tabia ni neno tulilolipata kwa Waarabu, nao shina la neno hilo hulitumia pia kwa kupiga chapa. Waingereza husema character, neno walilolitwaa kwa Wayunani, na kwao lilikuwa alama iliyochongwa. Mataifa mawili, wazo moja! Basi tabia ni chapa iliyomo ndani ya mtu, nayo haipigwi kwa siku tatu.

Mwenendo ni neno letu wenyewe. Latoka katika kwenda, kuenenda. Ndiyo namna mtu apitavyo, na apitaye aweza kugeuza njia kesho. Mwenendo huonekana kwa macho, huhesabiwa, hutengenezwa. Tabia twaikisia tu kwa kuutazama mwenendo wa siku nyingi, na hata hivyo twakosea mara kwa mara.

Adabu ni jambo la tatu, maana hiyo hufundishwa. Mwanamke wa Kinyakyusa wa zamani alimkwepa baba mkwe wake njiani, asimtazame wala kulitaja jina lake. Mgeni asiyejua angalisema, "Mkwe huyu ana kiburi." Kumbe ndiyo heshima yenyewe, naye alifunzwa na mama zake. Tendo lile lile huwa adabu kwa watu hawa, na dharau kwa wale. (Desturi, neno la Kiajemi, ni ya watu wengi pamoja, mtu mmoja hana desturi, ana mazoea. Hayo tuyaache leo.)

Yule baba akaitazama tena karatasi. "Basi, mwalimu angaliandikaje?"

"Angaliandika: mwenendo, amechelewa siku tatu."

Akafikiri kitambo. "Kijito cha kwetu hufurika masika," akasema, "nami sikumwuliza mtoto amevukaje." Akaondoka kwenda kumwuliza. Fimbo aliisahau, nimeitegemezea maharage.