Nyumba ya kijijini: lala huko usiku mmoja kabla ya kulipa

Chukulia mume na mke wenye watoto 3, wapangaji wa vyumba 2 karibu na katikati ya mji wa Tabora. Mtoto wao wa pili ana pumu. Dirisha lao linatazamana na grosari inayopiga muziki hadi usiku wa manane, na uani kila mpangaji ana jiko lake la mkaa. Kila baada ya wiki chache mtoto huyo hushindwa kulala kwa kubanwa kifua, na mama hukesha naye akiwa amemwegemeza begani.

Baada ya miaka kadhaa ya kuweka akiba kwenye kikoba, wanasikia kuna nyumba inauzwa Ntalikwa, moja ya kata za pembezoni mwa Manispaa ya Tabora. Ni nyumba ya matofali ya kuchoma, vyumba 3, bati juu, mwembe mkubwa mbele ya mlango. Wanakwenda kuiona Jumamosi moja ya mwezi Septemba, saa 4 asubuhi. Kimya. Ndege tu ndio wanaosikika. Yule mwenye pumu anakimbizana na watoto wa jirani na hakohoi hata mara moja. Dalali anawaambia wasichelewe, maana kesho anakuja mtu mwingine mwenye fedha mkononi.

"Mama watoto, tutoe hata nusu leo," baba anasema.

"Baba watoto, hapa tumekaa dakika 40 tu," mama anajibu. "Usiku wa hapa hatujauona. Masika yake hatuyajui."

Wazazi wengi wanaotamani kuondoka kwenye kelele za mjini hufika mahali hapa. Baba ana haki ya kuogopa kupoteza nyumba. Lakini mama ndiye aliyeuliza swali linalohusu afya ya watoto. Utulivu wa saa 4 asubuhi wakati wa kiangazi hauelezi mtoto ataishi vipi mahali hapo mwaka mzima.

Swali la kwanza ni maji

Tabora inajua jambo hili tangu zamani. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita Unyanyembe, na wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi wenyewe. Mahali pa kupiga kambi palitegemea maji na chakula. Aliyekosea mahali pa kulala alilipa kwa kiu au kwa homa. Tembe la Kwihara, alikokaa David Livingstone kwa miezi kadhaa mwaka 1872 akisubiri wapagazi, leo ni makumbusho, na si mbali na mjini.

Familia inayohamia kijijini inapaswa kuuliza kama wapagazi walivyouliza: maji yako wapi? Swali hilo asiulizwe dalali. Aulizwe mama wa nyumba ya jirani, kwa sababu yeye ndiye anayebeba ndoo. Septemba na Oktoba ni mwisho wa kiangazi, kwa hiyo ni wakati mzuri wa kuuliza: leo mmechota wapi, mlitoka nyumbani saa ngapi, mmerudi saa ngapi, na ndoo moja ni shilingi ngapi mkinunua?

Kama kuna kisima cha kuchimbwa kwa mkono, pima kwa hatua umbali wake kutoka choo cha shimo, cha nyumba hiyo na cha jirani pia. Ushauri unaotumika sana ni angalau mita 30, na kisima kiwe upande wa juu wa mteremko ili maji machafu yasiteremke kuelekea kwenye kisima. Hata kisima kinachoonekana kizuri, maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa. Kuhara kwa mtoto mdogo hakujali kama kijiji kina utulivu.

Mbu hawapigi kelele

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 uliwapima malaria watoto wa miezi 6 hadi 59. Mkoa wa Tabora ndio ulioongoza: takriban watoto 23 kati ya kila 100 walikutwa na vimelea. Kwa hiyo mzazi anayenunua nyumba pembezoni mwa Tabora ananunua pia kazi ya kuwakinga watoto wake na malaria.

Nyumba yenyewe inaweza kusaidia au kudhuru. Mbu anayeeneza malaria huuma zaidi usiku, na njia yake kubwa ya kuingia ndani ni ile nafasi inayoachwa kati ya kichwa cha ukuta na bati. Ukiingia kuitazama nyumba, inua macho. Ukiona mwanga wa nje unapenya kuzunguka paa lote, ongeza kwenye bajeti yako gharama ya kuziba nafasi hiyo, kuweka dari na kufunga wavu madirishani. Ziba kwa namna inayoacha hewa ipite madirishani, maana chumba chenye joto kali huwafanya watoto wautupe chandarua pembeni.

Kisha toka nje, utazame bondeni. Mbuga inayoonekana kavu mwezi Septemba inaweza kuwa majaruba ya mpunga mwezi Januari, na maji yaliyotuama ndipo mbu wanapozaliana. Nyumba iliyo juu kidogo, mbali na mbuga, ina nafuu. Na popote mtakapoishi, mtoto akipata homa apelekwe kupimwa ndani ya saa 24.

Hewa safi si ya bure

Kwa familia yenye mtoto wa pumu, hapa ndipo penye uzito. Wengi huamini kwamba kijijini hewa ni safi kwa sababu hakuna magari. Lakini moshi wa kuni ni moja ya vitu vinavyochochea pumu, na vijijini watu wengi hupika kwa kuni. Mtoto anaweza kutoka kwenye uwanja wa majiko ya mkaa akaenda kulala chumba kinachopakana na jiko la mafiga lisilo na dirisha. Hapo mzazi atakuwa amehamisha tatizo tu.

Tazama jiko liko wapi. Likiwa banda la pembeni, lenye uwazi wa kutosha na lisiloelekeza moshi kwenye vyumba vya kulala, ni afadhali. Uliza pia kuhusu tumbaku. Katika vijiji vya Tabora vinavyolima zao hilo, mabani ya kukaushia hutumia kuni nyingi, na moto huwaka usiku na mchana kwa siku kadhaa mfululizo. Bani lililo kimya Septemba litaamka wakati wa mavuno. Tumbaku ina jambo jingine tena: majani mabichi yenye unyevu hupitisha nikotini kwenye ngozi, na mtoto anayesaidia kuyachuma au kuyafunga anaweza kupata kichefuchefu, kutapika, kizunguzungu na kuumwa kichwa. Watoto wasifanywe vibarua wa kazi hiyo, iwe kwa jirani au nyumbani.

Saa 8 usiku, mtatoka vipi?

Swali la tatu lina saa yake. Mtoto amebanwa kifua saa 8 usiku, mvua inanyesha. Zahanati ya karibu iko wapi? Inapokea wagonjwa usiku, au mhudumu hulala kwingine? Kuna bodaboda wa kupigiwa simu, na mtandao unashika ndani ya nyumba au mpaka usimame chini ya mwembe? Njia hiyo hupitika masika? Kutoka hapo hadi Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Kitete, ni muda gani, si mchana kwa gari la dalali, bali usiku kwa pikipiki?

Mwenye pumu aondoke mjini akiwa na dawa yake ya kuvuta ya kutosha, na wazazi wote wawili wajue kuitumia. Mama mjamzito naye apange mapema atajifungulia wapi, maana uchungu hausubiri barabara ikauke.

Shule ipimwe vivyo hivyo, kwa miguu ya mtoto. Tembea naye njia nzima asubuhi. Kama anavuka korongo au anapita porini, ulizia watoto wa hapo huongozana na nani. Kwa binti anayekaribia sekondari, umbali huo ni suala la usalama wake.

Karatasi na majina mawili

Baada ya afya inakuja ardhi. Nchini Tanzania ardhi yote ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake. Kinachohamishwa ni haki ya kuitumia, pamoja na nyumba iliyojengwa juu yake. Ndani ya manispaa kama Tabora, jambo la kwanza ni kujua kama eneo ni ardhi ya kijiji au limeshapangwa kimji. Ofisi ya ardhi ya manispaa inaweza kuwaeleza.

Likiwa ardhi ya kijiji, inatumika Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, na haki ya kimila haihamishwi bila idhini ya halmashauri ya kijiji. Maelewano na muuzaji na dalali chini ya mwembe hayatoshi. Nendeni kwa mtendaji na mwenyekiti, majirani wote waitwe waoneshe mipaka, na kila fedha inayotolewa ofisini idaiwe risiti.

Ulizeni pia: muuzaji ana mwenzi? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Mkinunua bila mke wa muuzaji kukubali, mnaweza kujikuta mna mgogoro na mama aliyelea watoto wake ndani ya vyumba hivyo hivyo. Na ninyi wanunuzi, andikeni majina yenu yote mawili. Sheria inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi. Akiba ya kikoba iliwekwa na watu wawili. Karatasi nayo iseme hivyo.

Siku 3 za kutuliza moyo

Huko Uholanzi, hata nyumba ikiwa kwenye kijiji chenye utulivu kiasi gani, mtu anayenunua ya kuishi analindwa na sheria tangu mwaka 2003: akishapokea nakala ya mkataba uliosainiwa, ana angalau siku 3 za kufikiri, na anaweza kujitoa bila kutoa sababu. Walioiweka walijua kwamba moyo ukishapenda nyumba, akili huchelewa kufika.

Familia ya Tabora haina haja ya kusubiri mtu aipe siku hizo. Inaweza kujipa yenyewe kabla ya kutoa hata shilingi moja. Ndani ya siku hizo, ombeni kulala usiku mmoja palepale. Muuzaji mwaminifu hatakataa. Mkiweza zaidi, pangeni chumba kijijini masika moja kabla ya kununua. Ni kweli nyumba inaweza kuchukuliwa na mwingine. Hiyo ndiyo gharama ya kusubiri, na inauma. Lakini kodi ya chumba kwa miezi michache ni ndogo kuliko akiba yote ya familia.

Turudi kwa wale mume na mke. Tuseme baba anakubali, na wanalala usiku mmoja. Asubuhi mama anakwenda kwa mzee wa nyumba ya pili.

"Mwangaluka, mzee."

"Mwangaluka, mwanangu."

Watoto wanaamkia shikamoo, mzee anaitikia marahaba na kuwatafutia kigoda. Mama anamweleza kuhusu kifua cha mtoto. Mzee anatazama upande wa nyumba inayouzwa, kisha ananyoosha kidole kwenye jengo refu lisilo na madirisha, nyuma ya mihogo.

"Lile bani likiwashwa, moshi wote unaelekea pale," anasema. "Sisi tumezoea. Huyu mtoto, mwanangu, hapana. Lakini upande ule wa juu, karibu na shule, kuna nyumba ina vyumba viwili vya kupanga. Kaeni kwanza. Mkiupenda mji wetu mtaona wenyewe pa kununua."

Baba amesimama nyuma, anasikiliza. Anatoa simu na kumpigia dalali kumwambia huyo mtu wa kesho aendelee tu. Kisha anamuuliza mzee kodi ya vyumba hivyo ni shilingi ngapi kwa mwezi.