Ndege wa mbali juu ya Lambwe, na sumu inayopuliziwa Kano

Mtu wa mwambao hahitaji kuelezwa kusi na kaskazi. Tumezaliwa tukiambiwa kwamba majahazi ya Uarabuni yalishuka na kaskazi, yakakaa Lamu na Mombasa yakiuza na kununua, kisha pepo zilipogeuka yakatweka matanga kurudi kwao. Tusichozungumza sana ni kwamba juu ya vichwa vyetu kuna abiria wengine wa pepo hizo hizo, na hawa hawajaacha safari hata baada ya majahazi kupungua.

Miezi hii ya Machi na Aprili, masika yakikaribia, tai, kozi na vipanga waliokuja Afrika kukimbia baridi ya Urusi, Kazakhstan na Mongolia wanafunga safari ya kurudi kuzaa. Wengi hupita katikati ya nchi, wakifuata Bonde la Ufa na vilima vya upande wa Ziwa Viktoria. Ndiyo maana leo nataka tuitazame Homa Bay na Migori, kaunti ambazo huku Pwani tunazitaja kwa sababu ya omena na siasa.

Ndege mzito kama tai wa nyika hawezi kupiga mabawa kutoka Tanzania hadi Kazakhstan. Angekufa njiani kwa uchovu. Hungoja jua lipashe ardhi, hewa ya joto ipande, naye aingie ndani yake na kuzunguka bila kutikisa bawa mpaka awe nukta angani. Akifika juu hujiachia akateleza kilomita kadhaa kwenda mbele, kisha hutafuta mwinuko mwingine wa hewa. Juu ya maji mapana hewa hiyo haipandi vizuri, kwa hivyo ndege hawa huliepuka ziwa na kupita kando yake. Upepo ukigonga ubavu wa mlima nao hupanda, na hilo kwao ni ngazi ya bure. Sasa itazame ramani: bonde la Lambwe limelala kati ya ukingo wa Kanyamwa upande mmoja na vilima vya Gwassi upande wa pili, na ziwa liko nyuma ya vilima. Anayetaka kuwaona asimame pale kuanzia saa tatu au saa nne asubuhi, jua likishashika. Alfajiri hataona kitu.

Katikati ya bonde hilo ipo Hifadhi ya Taifa ya Ruma, kama kilomita 120 za mraba za nyasi ndefu. Ilitengwa mwaka 1966 na kupewa hadhi ya hifadhi ya taifa mwaka 1983. Ni mahali pa mwisho nchini Kenya penye korongo, yule paa mkubwa mwenye uso mweusi na mweupe. Pia huja mbayuwayu wa buluu, ambaye huzaa kusini mwa Afrika na kukaa Ruma kati ya Aprili na Septemba. Hebu tazama zamu hiyo: wa kaskazini wanaondoka, wa kusini anaingia, kama mabaharia wanaopishana bandarini. Kwa miaka mingi bonde lilibaki na nyasi zake kwa sababu mbung'o waliwatisha watu na mifugo. Wadudu wakapunguzwa, mashamba yakasogea mpaka uani mwa hifadhi.

Hapo ndipo penye jambo la kuchambua, kwa sababu ndege hawa wanapungua. Mwaka 2022 watafiti walichapisha matokeo ya hesabu zilizofanywa barabarani kote Kenya, wakilinganisha miaka ya 1970 na kipindi cha 2003 hadi 2020. Kati ya aina 22 za ndege wawindao na walao mizoga walizozipima, aina 19 zilikuwa zinaonekana mara chache kuliko zamani, nyingine zikiwa zimebaki kidogo sana. Ndani ya hifadhi hali ilikuwa afadhali kuliko nje. Lakini ndege wa safari hali ndani ya hifadhi pekee. Leo yuko Ruma, kesho yuko juu ya miwa ya Awendo au mpunga wa Kano, na akikuta mlo anashuka.

Januari 2023 kwelea walivamia mashamba ya mpunga Kisumu, jirani kabisa na Homa Bay. Nataka tuwe waadilifu kwa mkulima. Kwelea mmoja hula kama gramu 10 za nafaka kwa siku. Ni kidogo, lakini wakija milioni moja hiyo ni tani 10 kila siku, na mkulima wa Kano ana mkopo wa mbolea na watoto wanaosubiri karo. Serikali ilijibu kwa kupulizia fenthioni mahali wanapolala ndege hao, na vyombo vya habari vilitaja kusudio la kuua hadi milioni 6. Wahifadhi walipinga, na hawakupinga kwa kumpenda kwelea. Kwelea aliyepata sumu hafi papo hapo. Huanguka, hutapatapa, na kwa tai au kipanga huo ni mlo rahisi kuliko yote aliyowahi kuona. Anakula watano, sumu yao yote inahamia kwake. Na Januari ndio mwezi ambao wageni wa kaskazini bado wako nchini, wanajinenepesha kabla ya kuondoka.

Mwaka 2025 nchi wanachama wa Mkataba wa Rotterdam zilikubaliana kuiweka fenthioni ile kali inayopuliziwa kwelea katika orodha ya kemikali ambazo haziingizwi nchini mpaka nchi hiyo iarifiwe kwanza na iseme ndiyo au hapana. Wapo walioshangilia kana kwamba imepigwa marufuku. Haikupigwa marufuku. Kilichobadilika ni kwamba sasa serikali haiwezi kusema haikujua; ikiingia, imeingia kwa idhini yake. Naona wananchi wana haki ya kuuliza idhini hiyo imetolewa kwa masharti gani: nani anaokota mizoga ya kwelea asubuhi ya pili? Watoto wanaowachukua kwenda kuwachoma wanaambiwa nini? Dawa ikiua tai inaua pia paka, na kisima kipo hapo hapo. Tunaijua pia hadithi ya Furadani, dawa ya wadudu iliyogeuzwa sumu ya simba na ndege mpaka watengenezaji wake wakaiondoa katika soko la Kenya mwaka 2009. Huko Bunyala, Busia, ilitumika kunasa ndege kwa ajili ya kuliwa na binadamu.

Njia nyingine zipo, ingawa hazina maajabu. Wazee wetu wa Tana waliojenga dungu na kuamia ndege kwa kombeo na makelele walijua kwamba shamba la mpunga lina siku zake chache za hatari, nazo zinahitaji macho. Kuamia ni kazi ngumu, na leo watoto wako shule, inavyopaswa. Lakini kwa nini vijana wa Kano na Nyatike wasilipwe kufanya kazi hiyo kwa wiki hizo, na fedha zitoke kwenye bajeti ile ile inayonunua dawa? Kule Kajiado, kwenye mitambo 60 ya upepo ya Kipeto, wapo watu ambao ajira yao ni kutazama angani, na wakiona tai au tumbusi anakaribia wanaagiza mtambo usimamishwe. Kutazama ndege, jambo ambalo wengi hulihesabu kuwa la watalii wenye darubini shingoni, limekuwa mshahara.

Kwa nini msomaji wa Kilifi au Lamu alijali hili? Kwanza, mpunga wa Tana una kwelea wake, na uamuzi wa Kano ndio utakaokuja kwetu. Pili, kuna kozi wa Amur, mdogo kama njiwa, ambaye huzaa Siberia na kaskazini mwa China, huvuka India, kisha huikata Bahari ya Hindi bila kutua mpaka Somalia na Kenya, akielekea kusini mwa Afrika. Akirudi hungoja upepo wa kusini magharibi, hiyo kusi yetu, umbebe juu ya bahari. Mwaka 2012 iligunduliwa kwamba katika jimbo la Nagaland, India, wanakijiji walikuwa wakiwanasa kwa nyavu kwa makumi ya maelfu ili kuwauza kama nyama. Wanaharakati, makanisa na wazee wa vijiji wakakaa kikao, na msimu wa 2013 nyavu hazikutandazwa. Mwaka huo kozi watatu walifungwa vifaa vya satelaiti wakapewa majina ya huko: Naga, Wokha na Pangti. Pangti ni jina la kijiji ambacho mwaka mmoja nyuma kilikuwa kinawachinja.

Nagaland hawakuwa matajiri kuliko Homa Bay. Walichokuwa nacho ni idadi: mtu alihesabu waliokufa, akapiga picha, na aibu ikafanya kazi yake. Homa Bay inataka watalii na Migori inataka sifa nyingine zaidi ya dhahabu ya Macalder. Watu watano wenye darubini na daftari kwenye ukingo wa Kanyamwa, kuanzia nusu ya pili ya Februari hadi mwisho wa Aprili, kila mwaka, hawagharimu hata bei ya gari moja la kaunti. Hesabu yao iingizwe kwenye ramani ya ndege ya Kenya, ambayo tayari hupokea taarifa za raia, na nakala ipelekwe kwa ofisi ya kilimo Kisumu kabla tangi la fenthioni halijafunguliwa tena. Kozi wa Amur hao wa kwetu, mwezi Mei, watakuwa wameshapita kuelekea baharini.