Vumbi la madini na mnyoo wa milimita moja

Mkaaji wa komine ya Lubumbashi hahitaji kuelezwa madini ni nini. Bomba la moshi la Gécamines na mlima wa mabaki meusi yako mbele ya macho yake kila asubuhi, na vumbi linaingia nyumbani bila kupiga hodi.

Mwaka wa 2009, watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi (UNILU) na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walionyesha kwamba watu wanaoishi karibu na machimbo na viwanda wana kobalti nyingi mno katika mkojo. Mwaka wa 2020, utafiti mwingine hapa mjini ulionyesha kwamba hatari ya mtoto kuzaliwa na kilema ni kubwa zaidi baba akifanya kazi ya madini. Manganezi pia ilijitokeza katika damu ya kitovu.

Na ubongo je? Tangu 1837, daktari John Couper wa Glasgow alieleza wafanyakazi waliosaga manganezi wakadhoofika miguu. Lakini kuona seli ya neva inavyokufa ni kazi nyingine, maana ubongo wa mtu aliye hai haufunguliwi.

Ndiyo sababu wanasayansi wanamtumia Caenorhabditis elegans, mnyoo wa udongoni asiyemletea mtu ugonjwa. Ana milimita 1 tu, mwili wake unapitisha mwanga, na seli zake za neva ni 302. Nane kati ya hizo zinatengeneza dopamini, ile inayopungua kwa mgonjwa wa Parkinson. Zikitiwa rangi ya kung'aa, darubini inaonyesha zinavyonyauka mbele ya manganezi.

Hapa kwetu watu hawavuti manganezi peke yake; kuna kobalti, shaba na risasi pamoja. Mchanganyiko huo ni wetu. Tukingoja maabara za ng'ambo ziupime, tutangoja sana. UNILU inahitaji darubini nzuri, sahani, bakteria za kulisha minyoo, na umeme usiokatika ovyo. Sheria ya madini ya 2018 inatoa asilimia 25 ya redevance minière kwa jimbo. Sehemu ndogo ya pesa hizo ingetosha kuanza.

Ni kweli, mnyoo si mtu. Anaweza kutuonyesha tuanzie wapi kutafuta, halafu waganga wapime watu wenyewe. Lakini utafiti usiwe kisingizio: kumwagia barabara maji na kufunika magari ya madini hakuhitaji darubini. Hayo yaanze leo.